Yule jamaa wa bluu mwenye nyundo kwenye makaburi ya Waetruski: mlinzi au muuaji?

#1 Msomaji wa Usiku
Wakuu, salaam. Juzi umeme umekatika, simu ina asilimia 12, mimi badala ya kulala naangalia picha za makaburi ya kale ya Italia, ya Waetruski, watu waliokuwa na miji yao huko kabla Roma haijawameza. Nikakutana na huyu. Ni mchoro wa kaburi moja huko Vulci: Achilles, shujaa wa Wagiriki, anamchinja mateka wa Kitroya aliyekalishwa chini. Pembeni yao limesimama jitu la ngozi ya bluu, pua imepinda kama mdomo wa tumbusi, na mkononi lina nyundo ya mpini mrefu. Wachoraji hawakutaka tubahatishe, wakaliandikia jina: Charu.

Madai yangu: huyu ndiye mtoa roho wa Waetruski, na ile nyundo ni ya kummalizia anayesuasua. Nani anabisha?

#2 Mla Mihogo
Nimeweka kigoda. Karanga ninazo.

#3 Mwalimu wa Zamu
Nabisha nusu. Hilo ni Kaburi la François, limeitwa hivyo kwa Alessandro François aliyelifungua mwaka 1857. Michoro ni ya karne ya 4 KK, na haipo tena kaburini: ilibanduliwa mwaka 1863 ikapelekwa Roma kwa familia ya Torlonia, sasa iko Villa Albani, jumba la humohumo Roma.

Sasa rudi kwenye picha yako. Nani anaua pale? Achilles. Charu kasimama tu. Kuna chombo cha kuchanganyia mvinyo, nacho kimetoka Vulci, kiko Paris: Ajax, shujaa mwingine wa Wagiriki, anamuua mateka, na Charun (ndiye huyohuyo Charu) yupo kando na nyundo yake, anatazama. Mara zote mbili mwenye mkono wa damu ni binadamu.

Jina wamelichukua kwa Charon wa Wagiriki, yule mzee wa mtumbwi anayevusha wafu kwa sarafu. Waetruski walimnyang'anya mtumbwi wakampa nyundo. Mtumbwi hana popote.

#4 Kichwa Ngumu
Kama hapigi mtu nyundo ya nini? Sijaona mtu anatembea na nyundo kwa urembo.

#5 Fundi Komeo
Mimi seremala, mwaka wa 19 huu. Nimeikuza picha ya mleta uzi mpaka imekuwa vumbi tupu. Wakuu, hiyo si nyundo ya misumari. Kichwa kinene, pande zote mbili sawa, mpini mrefu. Hiyo ni nyundo ya mbao, ile unayogongea kitu usichotaka kukipasua.

Niliwahi kufunga lango la godauni moja, mbao za mninga, na kia chake ni boriti inayopita kwenye vikombe viwili vya chuma. Masika ya kwanza boriti ikavimba. Mlinzi anasukuma asubuhi, wapi. Nikamchongea nyundo ya mbao ikawa inalala naye kibandani. Asubuhi anagonga kulia, kia kinatoka. Jioni anagonga kushoto, kinaingia. Ukipita pale usiku unamkuta mzee wa watu kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyundo mapajani, na hana ugomvi na mtu. Usiyemjua ungevuka barabara.

Kwa hiyo swali langu kwa wanaojua: huyo Charu anasimama wapi? Mlangoni?

#6 Dada wa Viterbo
Mlangoni hasa, kaka Fundi. Nimemwona.

Natunza bibi mmoja huku Lazio, siku yangu ya kupumzika ni Jumapili. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali hawalipishi, basi nikapanda basi hadi Tarquinia. Mahali panaitwa Monterozzi. Usitegemee mapiramidi. Ni uwanda wa majani juu ya kilima na vibanda vidogo vimetapakaa kama vya pampu ya maji. Kila kibanda ni mdomo wa kaburi. Unashuka ngazi, ubaridi unakupokea katikati, chini unakutana na kioo. Unabonyeza kitufe, taa inawaka, ukuta wote unakurukia kwa rangi. Ukizubaa taa inazima, unabaki na sura yako kwenye kioo. Wanasema makaburi yaliyochongwa pale ni kama 6,000, yenye michoro yanakaribia 200.

Kaburi lenyewe linaitwa Kaburi la Macharun. Ukutani imechorwa milango miwili. Imechorwa tu, haifunguki. Kila mlango una Charun huku na Charun huku. Wanne jumla. Mimi nilisimama pale nikajiona mgeni niliyepiga hodi saa mbaya.

Na kila mmoja kaandikiwa lake. Yanayosomeka ni Charun Chunchulis, Charun Huths na Charun Lufe.

#7 Mla Mihogo
Basi Charun siyo jina, ni cheo! Kama kusema Askari Juma, Askari Hamisi. Zamu ya usiku wako wanne.

#8 Mwalimu wa Zamu
Mla Mihogo umetania lakini wapo wataalamu wanaosema hivyohivyo: kundi zima la walinzi, si mtu mmoja. Tena hiyo "Ch" msiisome kama chai. Isomeni "kh", Kharun.

Hiyo "Huths" ina kesi yake. "Huth" ni namba ya Kietruski. Kuna dadu mbili za pembe za ndovu ziko Paris, badala ya vitone zina maneno: mach, thu, zal, huth, ci, sa. Thu ni moja, zal mbili, ci tatu, mach tano. Zilizobaki, huth na sa, ndiyo vita: ipi 4, ipi 6? Wengine wanasema huth ni 4, halafu wanakuonyesha kaburi hilo lenye Macharun wanne. Wengine wanasema ni 6, na wanne hao ni sadfa.

#9 Kichwa Ngumu
Hizo ci na zal mmezijuaje kama lugha yenyewe imekufa?

#10 Mwalimu wa Zamu
Herufi zinasomeka bila shida, zimetoka kwa Wagiriki. Shida ni maana, kwa sababu Kietruski si ndugu wa Kilatini wala Kigiriki. Ila mwaka 1964 huko Pyrgi, bandari ya Waetruski, zilipatikana bamba za dhahabu zenye habari moja kwa Kietruski na Kifoinike, lugha ya kale ambayo wataalamu wanaielewa. Kifoinike kinasema mwaka wa tatu, Kietruski kinasema "ci avil". Ndiyo hivyo hivyo, neno moja moja.

Na maandishi marefu kuliko yote ya Kietruski yalikuwa Misri, kitambaa cha kitani kilichochanwa kikafungiwa maiti. Mkroatia mmoja aliinunua maiti hiyo Alexandria mwaka 1848, leo ipo Zagreb.

#11 Shemeji wa Tanga
Maiti imefungiwa kitabu? Mimi vyangu vya shule vilifungiwa maandazi.

#12 Kibiriti
Mwalimu, heshima yako, lakini #3 umeteleza. Umesema mtumbwi hana popote. Mwaka 1985 palepale Tarquinia lilipatikana Kaburi la Mashetani wa Bluu. Ni la mwisho wa karne ya 5 KK, yaani limelitangulia hilo la François. Ukuta wa kulia yupo mzee wa kasia ndani ya mtumbwi wake, Charon kamili wa Kigiriki. Na upande mwingine wa ukuta huohuo wapo mashetani: mmoja wa bluu kakaa kwenye mwamba kakamata nyoka wawili, mwingine mweusi katoa meno. Mtumbwi na bluu vimekutana ukuta mmoja.

#13 Mwalimu wa Zamu
Nimekamatwa. Futeni "popote", wekeni "mara nyingi". Hata hivyo mwenye mtumbwi pale hana nyundo, na wa bluu hana mtumbwi. Sijui kama nimejiokoa.

#14 Mla Mihogo
Hujajiokoa, lakini umezama kwa heshima.

#15 Mhudumu 7
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kazi yangu ni chumba cha maiti, mkoa sitaji. Kuhusu rangi ya bluu, kwangu hakuna fumbo. Siku umeme ukikatika kisha jenereta likagoma, tunaletewa hiyo rangi bila kuagiza. Inaanzia tumboni upande wa kulia chini, kijani, halafu mishipa inajichora kama mizizi, halafu kijani kinaelekea bluu kinaelekea weusi. Aliyemchora huyo Charu aliwahi kukaa na maiti siku za joto. Hakumtoa kichwani.

#16 Kibiriti
Mhudumu, pole na kazi. Kuna Mgiriki mmoja anakuunga mkono kwa karne nyingi. Pausanias, karne ya 2 BK, alieleza mchoro wa Polygnotus uliokuwa Delphi. Ndani yake yupo pepo wa kuzimu aitwaye Eurynomos, anayekula nyama za maiti akabakiza mifupa. Pausanias anasema rangi yake ni kati ya bluu na nyeusi, kama wale nzi wanaotua kwenye nyama, meno nje, na amekalia ngozi ya tumbusi.

#17 Shemeji wa Tanga
Nilikuwa nakula.

#18 Ustaadh Mjadala
Assalaam alaykum. Mimi kilichonishtua ni kingine. Tuliosoma chuoni tunawajua malaika wawili wa kaburini, Munkar na Nakir. Katika riwaya ya Tirmidhi wametajwa weusi wa bluu, ingawa wapo wanazuoni wanaosema bluu hiyo ni ya macho. Na katika Bukhari, asiyejua jibu hupigwa kwa nyundo ya chuma. Rangi ipo, nyundo ipo, kaburi lipo. Sisemi kimoja kimezaa kingine, astaghfirullah. Nauliza tu.

#19 Mwalimu wa Zamu
Ustaadh, umeuliza vizuri, nami sioni daraja. Kati ya mchoro wa mwisho wa Charun na hizo riwaya kuna mamia ya miaka, na lugha ya Waetruski ilishakufa. Tofauti kubwa ni maswali. Charun haulizi. Hana hesabu ya mema na mabaya. Kwenye makaburi hayo huoni watu wanachomwa wala kuteswa kwa dhambi zao. Anakupeleka, au anakusubiri, basi.

#20 Kichwa Ngumu
"Anakusubiri basi." Mwalimu unamtetea kama wakili aliyelipwa. Msome Tertullian, Mwafrika wa Carthage, mwishoni mwa karne ya 2 BK. Anasimulia viwanja vya Warumi: gladieta akianguka, anaingia mtu aliyevalishwa kama mungu Mercury na chuma cha moto, anamgusa kuona kama kafa kweli. Halafu anaingia mwingine, ndugu wa Jupiter, yule mungu mkuu wa Warumi, ana nyundo, anaburuta maiti kwenda nje. Hiyo nyundo wameitoa wapi kama si kwa Waetruski? Mnafikiri palepale uwanjani alikuwa anagonga kia cha mlango?

#21 Fundi Komeo
Kichwa Ngumu, umesema mwenyewe: anaburuta. Kuburuta maiti hakuhitaji nyundo. Alikuwa nayo kama askari wa getini alivyo na rungu.

#22 Kichwa Ngumu
Na rungu la askari ni la kufungulia geti?

#23 Mla Mihogo
Fundi, hapo umepigwa. Kwa nyundo.

#24 Mwalimu wa Zamu
Tertullian hasemi Charun lakini. Ndugu ya Jupiter ni Dis Pater, mungu wa kuzimu wa Kirumi. Uhusiano upo kwa kukisia, na mimi naona ni kisio kizuri, ila ni kisio.

Niongeze la tatu, mnichukie vizuri. Nyundo na msumari. Kule Volsinii, mji wa Waetruski, kulikuwa na hekalu la mungu wa kike Nortia. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anasema walikuwa wanapigilia msumari ukutani kuhesabu miaka. Na kuna kioo cha shaba, kiko Berlin: mungu wa kike Athrpa, ndiye Atropos wa Wagiriki, mwenye kukata maisha ya mtu, kainua nyundo anapigilia msumari, na kijana Meleager yupo hapo, siku zake zimekwisha. Msumari ukishaingia hautoki. Kwa hiyo nyundo ya Charun inaweza isiwe ya kichwa cha mtu wala ya kia. Ni ya siku yako.

#25 Fundi Komeo
Kwa nyundo ya mbao? Msumari? Mwalimu, utaitoboa kama jibini.

#26 Mwalimu wa Zamu
Mchoraji hakuwa seremala.

#27 Fundi Komeo
Inaonekana.

#28 Dada wa Viterbo
Mmemsahau mwanamke. Kwenye picha ya mleta uzi, upande wa pili wa Achilles, yupo Vanth, pepo wa kike wa kuzimu. Mbawa kubwa kazikunjua nyuma ya mashujaa kama anawafunika. Huyu hana asili ya Kigiriki, ni wao wenyewe. Kwingine utamkuta na sketi fupi, buti za wawindaji, mikanda imepishana kifuani na mwenge mkononi. Baadhi ya mbawa zake zimechorwa macho. Palepale Tarquinia, kaburi la ukoo wa Anina, Charun yuko upande mmoja wa mlango, Vanth upande mwingine. Mmoja ana nyundo, mmoja ana taa. Ukiamka gizani usijue uko wapi, ungependa nani akutangulie?

#29 Kibiriti
Yupo na Culsu, pepo mwingine wa kike. Jeneza la mawe la mwanamke aitwaye Hasti Afunei, la Chiusi, sasa lipo Palermo. Culsu anachungulia kutoka kwenye mlango nusu wazi, mkono mmoja mwenge, mwingine mkasi. Jina lake linahusishwa na neno la lango.

#30 Mla Mihogo
Seremala, mwenye taa, na sasa fundi cherehani. Kuzimu kuna ajira kuliko huku kwetu.

#31 Jicho la Ndani
Mnazunguka tu. Ukweli ambao Wazungu hawasemi ni kwamba Waetruski walikuwa Waafrika. Angalieni michoro, wanaume wote wekundu weusi.

#32 Dada wa Viterbo
Na wake zao wameketi nao kitanda kimoja, weupe kama maziwa. Ni desturi ya wachoraji: mwanaume wa jua rangi ya udongo, mwanamke wa ndani rangi nyeupe. Ukifuata hesabu yako, kila nyumba ilikuwa ndoa ya mseto.

#33 Mwalimu wa Zamu
Na mwaka 2021 ulitoka uchunguzi wa DNA ya mifupa yao. Walifanana na majirani zao wa Italia, Warumi wakiwemo. Hata ile hadithi ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, kwamba walihama kutoka Lydia, Uturuki ya leo, haikupata nguvu.

#34 Shemeji wa Tanga
Nimerudi, sahani nimeosha. Mimi ninachojiuliza, makaburi yao ya zamani nimeona watu wanakula, wanacheza filimbi, pomboo wanaruka. Halafu ghafla mashetani. Kilitokea nini?

#35 Kichwa Ngumu
Roma ilitokea. Veii, mji wao jirani na Roma, imeanguka 396 KK, miji ikaanza kumezwa mmoja mmoja. Mtu akiona mwisho wake anachora mwisho.

#36 Kibiriti
Halafu Mashetani wa Bluu wa mwisho wa karne ya 5 uwaweke wapi? Veii ilikuwa bado imesimama. Na Tarquinia si Veii.

#37 Kichwa Ngumu
Vita vya mwisho vya Veii vinasemwa vilianza 406. Hofu haisubiri jengo lianguke.

#38 Kibiriti
Mimi naona ni Wagiriki wa kusini mwa Italia na mafundisho yao ya safari ya roho. Na hata hivyo karamu hazikukoma. Kwenye Kaburi la Orcus, Tarquinia, watu wako kwenye karamu na Charun yumo humohumo. Chumba cha pili yupo Tuchulcha, masikio ya punda, mdomo wa ndege, nyoka mikononi, anamtisha Theseus, shujaa wa Kigiriki. Jina la Tuchulcha limepatikana hapo tu, na bado watu wanabishana kama ni wa kiume au wa kike.

#39 Mhudumu 7
Nitoe langu kisha niingie zamu. Wenzangu mnasema hofu, hofu. Watu wakija kuchukua maiti, kitu cha kwanza wanachouliza si sababu ya kifo. Wanauliza: usiku alikuwa na nani humu? Nikiwaambia nilikuwepo mimi, nalala kiti kile pale, mlango naufunga mwenyewe, mabega yanashuka. Mimi sura yangu si ya kupendeza, mke wangu shahidi. Lakini wanaridhika. Nikiwatazama hao wanne wa mlangoni nawaona ni wenzangu wa kazi.

#40 Fundi Komeo
Mhudumu 7, nakuja kukutengenezea nyundo.

#41 Msomaji wa Usiku
Mleta uzi nimerudi, nimesoma yote. Nakubali kwamba kwenye picha yangu hajampiga mtu. Sikubali kwamba asingeweza. Mlinzi wa godauni la Fundi naye kabla ya kufungua lango lazima kuna mtu alimwogopa.

#42 Jicho la Ndani
Bado hamjajibu hoja yangu.

#43 Dada wa Viterbo
Tumejibu #32.

Nimalizie na kitu nilichokiona Volterra, makumbusho ya Guarnacci. Huko hawana michoro ya ukutani, wana masanduku ya alabasta ya kuwekea majivu, yamepangwa vyumba kwa vyumba. Kuna moja linalorudiwarudiwa: marehemu yuko juu ya farasi, kajifunika shuka, ndugu wanamshika mkono. Charun ndiye anayeongoza safari. Nyundo kaiweka begani. Hatazami nyuma.

#44 Fundi Komeo
Nyundo begani! Si niliwaambia? Hivyo ndivyo fundi anavyotembea akishamaliza kazi.

#45 Kichwa Ngumu
Au ndiyo kwanza anaenda.